Maiti Akataa Bahasha

Luan Guizhi aliongoza filamu za kuchekesha kwa miaka mingi, na katika zote jina lake liliandikwa chini ya neno "Chakula".

Mwisho wa kila filamu, majina yalipoanza kupanda kwenye kioo, la kwanza lilikuwa la mumewe, Gai Dekui, kwa maandishi ya dhahabu: Mwongozaji. Wakafuata waigizaji, mpiga picha, mwenye nyumba, mwenye punda, na baada ya punda ndipo akaja Guizhi. Haukuwa uongo mtupu, maana chakula alikipika kweli. Uongo unaodumu ndivyo unavyopikwa, unatiwa ukweli kidogo kama chumvi.

Kwao ni Shuangdun, mji mdogo wa kaskazini mashariki mwa China, ambako wakati wa baridi mate yanafika chini yakiwa jiwe. Watu wa huko hawana pa kwenda nusu ya mwaka, kwa hiyo wanakaa juu ya vitanda vya matofali vyenye moto chini yake, wanatafuna mbegu za alizeti na kuchekeshana. Mtu asiyejua kuchekesha huko anahurumiwa kama kiwete. Guizhi alitolewa shule mapema ili kaka zake wabaki, akapelekwa kwenye kikundi cha wimbo wa wawili, ule mchezo wa mwanamume mmoja na mwanamke mmoja wanaoimba, wanaozungusha leso kwenye kidole, na wanaotukanana mpaka wasikilizaji wanashika mbavu. Mwanamume aliyepangwa naye ndiye Dekui.

Dekui alikuwa na uso kama unga uliokandwa. Angeweza kuugeuza mbuzi, hakimu, au mama mkwe aliyekalia sindano. Kasoro yake ilikuwa moja, hakujua kunyamaza. Watu wakicheka mara moja, yeye anarudia kichekesho hichohicho hadi wanaanza kutafuta viatu vyao. Guizhi ndiye aliyekuwa anamkanyaga mguu jukwaani: sema, ngoja, geuka, nyamaza. Alijua kwamba kicheko hakikai ndani ya neno, kinakaa nyuma yake kidogo, na ukiharakisha unakikanyaga. Hakufundishwa na mtu. Wengine wanazaliwa wanasikia mvua kabla haijanyesha, yeye alisikia kicheko.

Wakaoana, kwa kuwa mguu uliokanyagwa kila siku mwisho unazoea. Baadaye vikundi vikafa, watu wakabaki nyumbani na televisheni zao, na wao wawili wakanunua kamera kuukuu ya mtu aliyekuwa akipiga picha za harusi. Filamu yao ya kwanza ilimhusu mwanamume aliyekwenda kuposa akaposwa na nguruwe. Waliiuza kwenye diski sokoni, kando ya muuza alizeti, na ikaisha kabla ya alizeti.

Siku ya kuandika majina kwenye karatasi ya diski ile, Guizhi aliuliza lake linakaa wapi. Dekui akamtazama kwa upole. "Mke wangu, jina la mwanamke likikaa pale juu, watu watadhani ni filamu ya kulia. Watanunua na leso."

Guizhi akacheka. Mzaha ulikuwa mzuri, na yeye hakuwahi kuweza kuukataa mzaha mzuri. Jina lake likaenda na kicheko hicho, na kila mwaka alipofikiria kulidai, Dekui alikuwa na mzaha mwingine tayari. Wanawake wengine wanaibiwa kwa kupigwa. Yeye aliibiwa huku akifuta machozi ya kucheka.

Kazini, hata hivyo, hakuna aliyebabaika. Guizhi alikaa juu ya gudulia la kuchachushia kabichi lililogeuzwa, kando ya mpiga picha, Bi Chunsheng (Bi ni jina la ukoo), mwanamume mwenye maneno machache na mafua yasiyoisha. Kila mtu alimwita Shemeji. Shemeji, nianguke upande gani? Shemeji, niseme kabla ya kufungua mlango au baada? Neno Mwongozaji lilikuwa la Dekui, na alipoitwa hivyo mara nyingi alikuwa amevaa ngozi ya punda.

Mambo yakabadilika simu zilipokuja na watu wakaanza kutazamia filamu humo. Kampuni moja ya mjini ikaona vile vichekesho vya Shuangdun, ikapenda, ikasema inatafuta mwongozaji wa kuitengenezea filamu za mwaka mpya, kila mwaka, kwa mkataba, pamoja na nyumba ya kuishi huko mjini. Ingemtuma Binti Cen, msichana wa ofisini kwao, aje aone siku ya mwisho ya kazi ya filamu mpya, na akiridhika atie saini na mwongozaji palepale.

Dekui aliipokea habari hiyo peke yake na akakaa nayo siku kadhaa kama mtu aliyeficha mfupa. Alipomwambia mkewe, alianza na mwisho. Kwamba nyumba ya mjini ni ndogo. Kwamba mama yake Dekui hawezi kuachwa peke yake na kuku. Kwamba yeye atatangulia, halafu wataona. Na kwamba siku ya Binti Cen, ingekuwa vizuri Guizhi akae jikoni.

"Jikoni kufanya nini?" Guizhi aliuliza.

"Kupika. Si ndicho kinachoandikwa?"

Safari hii Guizhi hakucheka, na Dekui alishangaa kidogo, maana kwa maoni yake huo nao ulikuwa mzaha mzuri.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa msiba. Katika filamu, babu amekufa na wanawe wote wanalia kwa sauti huku wakigombania kimyakimya koti lake la manyoya, kila mmoja akivuta upande wake wa koti chini ya meza ya ubani. Nyumba ilikuwa ya mjane mmoja, Bibi Teng, aliyekubali kuitoa kwa sharti kwamba maiti asiguse mto wake. Babu alikuwa Mzee Sui, mchochea tanuri mstaafu, mtu mwembamba kama kijiti cha ubani, aliyelala juu ya mbao katikati ya chumba akiwa na nguo mpya za mazishi. Kwa kuwa mlango ulikuwa wazi na baridi inaingia, pumzi ya marehemu ingeonekana ikifuka. Guizhi alikuwa ameshalitatua hilo tangu jana yake. Alimwekea bakuli la yale matunda ya pea yanayogandishwa nje mpaka yanakuwa meusi na magumu kama mawe ya mtoni. Mzee Sui alitakiwa kuweka kipande mdomoni kila mara, ili mdomo uwe baridi kama hewa na moshi usitoke. Alikuwa maiti wa kwanza Shuangdun kufa kwa raha namna hiyo, anafyonza sukari.

Binti Cen alikuja na koti refu jeupe linalomfanya aonekane kama godoro lenye miguu. Alikuwa mpole na kimya. Akapewa kiti kizuri. Dekui akaketi kwenye kiti kingine kizuri, akakunja nne, na lile gudulia la kabichi akalisogeza kwa unyayo mpaka kwenye kona.

"Anza," akasema.

Wakaanza, na ikawa balaa. Mwana wa kwanza alilia kabla ya kuingia mlangoni. Wa pili alivuta koti kwa nguvu mno, meza ikaja naye. Mke wa mwana wa tatu alisahau kama anatakiwa kuzimia, akamwuliza Dekui, na Dekui, akiwa na uso mzito wa mtu mkubwa, akamwambia azimie kutoka moyoni. Mwanamke akaanguka kutoka moyoni, juu ya miguu ya marehemu. Marehemu akasema, "Aa." Wakarudia. Ikawa mbaya zaidi, kwa sababu Dekui aliona watu hawachekeshi, akaingia kuwasaidia, akalia yeye mwenyewe juu ya kichwa cha babu, akalia mara mbili, mara tatu, kila mara kwa sauti ya mnyama mwingine. Binti Cen alitazama saa yake ya mkononi kwa adabu.

Jikoni, nyuma ya ukuta mwembamba, Guizhi alikuwa anakata kabichi iliyochacha. Aliapa kutosikia. Lakini masikio hayana kope. Alisikia mwana wa kwanza akiingia mapema, na mkono wake, bila yeye kuutuma, ukakatisha kisu. Kimya. Kule chumbani yule mwana akasimama na mguu mmoja hewani. Miaka yote hiyo, kabla ya kila kazi, walifanya mazoezi nyumbani kwa Shemeji akiwa anakata kabichi, na miguu yao ilikuwa imeshazoea. Kisu kikaanza tena, taratibu, tak, tak, tak, na mwana akaingia kwa mwendo wa kisu.

Hapo Guizhi akaelewa alichoshika mkononi.

Akakata polepole, wana wakapiga magoti polepole. Akaongeza mwendo, mikono ikaanza kuvutana chini ya meza. Akasimama. Wote wakaganda, na katika ule ukimya mshono wa koti ukasikika ukitatuka, kitambo kirefu, kama mtu anayeomba radhi. Bi Chunsheng akauma kola ya koti lake ili kamera isitikisike. Guizhi akagonga upawa kwenye karai, mke wa mwana wa tatu akazimia mahali panapostahili. Akaburuza kisu ubaoni, Bi akaisogeza kamera karibu. Ilikuwa wazimu kamili. Kabichi iliruka mpaka dirishani. Bibi Teng, aliyeingia kuchukua maji ya moto, aliona mwanamke mzima anapigana na ubao huku machozi yanamtiririka kwa kucheka bila sauti, akarudi nje bila kuchukua maji.

Dekui alisema, "Kata." Hakuna aliyesikia. Wakaendelea hadi upawa ulipogonga mara ya mwisho.

Binti Cen alikuwa amejikunja ndani ya godoro lake, mabega yanamtetemeka. Dekui akamgeukia, akainamisha kichwa, akasema kwamba ni kazi ndogo tu, amezoea.

Sasa kilibaki kitu kimoja. Kwa watu wa filamu huko, na hata kwa wasio wa filamu, mtu akiigiza kifo hainuki hivihivi. Mwongozaji anampa bahasha nyekundu yenye kitu kidogo ndani, kwa mkono wake, na kifo kinafungiwa humo, hakimfuati mtu nyumbani. Dekui akatoa bahasha kwa madaha, kwa kuwa Binti Cen anatazama, akamnyooshea Mzee Sui.

Mzee Sui hakuipokea. Alifumbua jicho moja.

"Hii sichukui."

Dekui akacheka, akasema babu ameona ni nyembamba, akaongeza kitu ndani. Mzee Sui akafumba jicho.

"Si unene. Mwaka ule niliokufa kwenye ile filamu ya mganga wa meno, nani alinipa bahasha?"

"Mimi, Mzee."

"Ni wewe. Nikainuka. Wiki hiyohiyo bomba likapasuka. Bata bukini wangu akaibwa. Jino likang'oka, tena lile zima. Halafu mke wa mwanangu akahamia kwangu na mashine yake ya kuimbia. Nimekaa nikafikiri, kosa liko wapi? Bahasha nilipewa, tena nyekundu. Nikagundua." Alitema kipande cha pea kwenye kiganja ili aseme vizuri. "Haikutoka kwa mwongozaji."

Watu wakatazama viatu vyao. Mmoja wa wana akaanza kukohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Dekui alisema kwa sauti ya kubembeleza kwamba mwongozaji ni yeye, jina liko kwenye diski zote, kila mtu anajua.

"Diski hazikupasukiwa na bomba," alisema Mzee Sui. "Na wewe leo ulichofanya ni kunidondoshea makamasi. Nitangoja."

"Utangoja nini?"

"Mwongozaji."

Akakunja mikono kifuani, akawa maiti tena, safari hii kwa bidii zaidi.

Wakajaribu kila kitu. Dekui akampa Bi bahasha aitoe yeye, na Bi, baada ya kupenga, akasema yeye ni mtu wa kamera, hataki kuingia kati ya mtu na kifo chake. Wakataka kumbeba mzee na mbao zake, ndipo Bibi Teng akaingia mbio. Alisema maiti ambaye kifo chake hakijafungiwa kwenye bahasha hatolewi mlangoni kwake siku chache kabla ya mwaka mpya, atageuza bahati ya nyumba nzima kama soksi, na kwamba asiyejua hivyo hakulelewa na mama. Pia hataki abaki. Kwa hiyo atoke bila kutolewa, na upesi. Binti Cen aliuliza kwa sauti ndogo kama kuna shida. Dekui akasema hapana, ni kichekesho, mzee ni mcheshi sana. Mzee Sui akasema, bila kufumbua macho, kwamba hajawahi kuacha mzaha kama leo.

Dekui akaenda jikoni.

Guizhi alikuwa anafuta ubao. Alikuwa amesikia kila neno, ukuta ule usingeweza kuzuia hata harufu. Mumewe akamsogelea, akamwekea bahasha mkononi, akaongea harakaharaka kwa kunong'ona. Aende, ampe mzee, asiseme kitu, atabasamu tu. Mke anaweza kutoa kwa niaba ya mume, hakuna ubaya. Binti ana kalamu mfukoni. Wakiharibu leo wameharibu kila kitu.

"Wameharibu akina nani?" Guizhi aliuliza.

"Sisi."

"Nyumba ya mjini si ni ndogo?"

Dekui akatafuta mzaha. Ilionekana kabisa usoni mwake, akiutafuta kama mtu anayepapasa funguo mfuko huu na mfuko ule. Hakuupata. Guizhi alimwangalia mpaka mwisho, kwa kuwa hakuwahi kukiona kitu hicho, kisha akaning'iniza aproni yake shingoni mwa mumewe, akatoka.

Chumba kikafunguka katikati kumpa njia. Alisimama mbele ya mbao, mikono inanuka kabichi. Mzee Sui akafumbua macho yote mawili.

"Shemeji, umekuja."

"Nimekuja, Babu. Inuka, utagandia hapo."

"Ngoja kwanza. Hiyo bahasha unatoa kama nani? Sema vizuri, hawa wa upande wa pili, wafu, hawasikii minong'ono. Ukitoa kama mke wa Gai nitarudi nyumbani nimkute mke wa mwanangu anaimba."

Watu wote wa Shuangdun waliokuwa mle ndani walinyamaza kwa namna moja tu wanayoijua, ule unyamavu wa kabla ya kicheko. Guizhi aliusikia. Aliuacha ukue kidogo, kama unavyoacha unga uumuke. Mlangoni mwa jikoni mumewe alisimama na aproni shingoni.

"Natoa kama mwongozaji," Guizhi alisema. "Wa hii na zile zote zilizotangulia. Na ule mwaka wa bata nisamehe, nilikuwa jikoni."

Mzee Sui akapokea bahasha kwa mikono miwili, akaiingiza kifuani, akaketi. Ndipo kikaja kile kicheko, na si cha watu wa kulipwa. Mke wa mwana wa tatu alizimia kweli au karibu. Bibi Teng, aliyekuwa na hasira, alijikuta amekalia mto wake mwenyewe sakafuni. Wana watatu wakaangukiana na koti lao lililochanika.

Binti Cen alikuwa ameinuka. Alikuja akasimama kando ya Guizhi, akafuta macho kwa mkono wa koti, na akauliza jina lake linaandikwaje, hiyo Gui ni Gui ipi, maana kwa Kichina sauti moja ina maandishi mengi.

"Ya mti wa maua yale ya manjano yanayonukia," alisema Guizhi. "Luan si rahisi. Lete nikuandikie mwenyewe, hilo nilifundishwa kabla hawajanitoa shule."

Akaliandika juu ya mkataba, polepole, kila mstari mahali pake. Dekui alitazama kutoka mlangoni, na uso wake wa unga ukafanya kitu ambacho hakikuwa mbuzi wala hakimu. Mdomo ulitaka kucheka, nyusi zilitaka kulia, na masikio yalisogea yenyewe. Guizhi aliinua kichwa, akauona. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwona mumewe akichekesha namna hiyo akiwa amenyamaza.

"Bi," akasema, "kamera iko wazi?"

"Sikuifunga, Shemeji," Bi akajibu, kisha akapenga na kusahihisha. "Mwongozaji."

"Umeupata uso ule?"

"Nusu. Mzee alinikinga alipoketi."

Guizhi akavuta kiti kizuri, akakaa. Akawaambia wana warudi chini ya meza, koti lishikwe palepale lilipotatuka. Akamwambia Dekui asivue aproni, yeye sasa ni mpishi wa msiba, anatoka jikoni anakuta koti limeisha, hasemi kitu. Hata neno moja. Afanye uso uleule.

Dekui akafanya. Ulikuwa mwingine, wa bandia.

"Sio huo. Rudia."

Akarudia. Akarudia tena. Kila mara Guizhi alisema sio huo, kwa upole, bila haraka, na bado mchana ulikuwa mrefu mbele yao. Mzee Sui aliposikia kwamba inabidi alale upya, alichukua pea lingine kwenye bakuli, akajinyoosha kwenye mbao, na akauliza kama mwongozaji anajua kwamba kifo cha pili kina bahasha yake.